Upande wa Ndiyo

Kindu, siku moja mbele ya safari yako

Mwanangu Amisi,

Assalam aleikum, mutoto wangu. Hujambo huko uliko? Kifua kimetulia, au upepo wa mto umekirudishia kikohozi? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Najua utacheka ukisoma hivi, maana leo asubuhi tu nimekuona ukila muhogo kwa mikono miwili, na sahani yako bado iko hapa karibu yangu, sijaiosha. Lakini barua isiyouliza hali ni kama mtu anayeingia uani bila hodi, na leo mimi nataka kuingia kwako kwa hodi.

Umekwenda Mikelenge kuaga shangazi zako. Nimeswali Adhuhuri, nimekaa mlangoni na daftari la dada yako Sifa, nimechana kurasa za katikati, na yeye hajui bado. Yuko nyuma ya nyumba anatwanga mpunga. Barua nitaiweka ndani ya kikapu cha chakula, chini ya samaki wa kukausha. Ninavyokujua, utaona haya kula mbele za watu, hutakifungua mbele ya boti kupita Lokandu. Kama karatasi inanuka samaki, nisamehe.

Mambo ya kila siku siyaandiki. Kufua unajua, kuswali unajua, kwa mjomba wako Kisangani utaingia kwa adabu, hilo sina shaka nalo. Nakuandikia juu ya karatasi ile.

Unajua karatasi gani. Ile aliyokuletea rafiki yako, ya kampuni ya mbao ya Kisangani inayouza hisa, na chini kabisa imeandikwa kwamba watu wa mji mzima waliulizwa na karibu wote wanaiamini. Umenisomea mara tatu. Mara ya tatu uliweka kidole juu ya mstari ule ukasema, "Mama, ona, si maneno ya mwenye duka. Ni watu wenyewe walisema." Na ndani ya mkanda wako utabeba bei ya parseli, kile kiwanja cha bibi yako cha Mikelenge, yote, na humo muko fungu la Sifa. Jana nikakuuliza, "Amisi, utangoja kwanza? Utatazama mbele ya kutoa?" Ukanijibu vizuri, kwa heshima, macho chini: "Inshallah, mama."

Sikuongeza neno. Ulidhani nimetulia. Kumbe neno lile lilinifunga kinywa, na sasa nitakuambia sababu, jambo ambalo sijamwambia mtu. Kwa mdomo singeweza. Uso wako ni uso wa baba yako, na tena mtu akiulizwa machoni husema kile macho yale yanataka kusikia. Nilifanya kazi hiyo ya kuuliza watu machoni. Naijua.

Wewe unajua habari hii hivi: baba yako alinunua hisa za mashine ya mpunga, kampuni ikamdanganya, akapoteza kila kitu, akaenda kuchimba dhahabu Kabambare, hakurudi. Hivyo njo nilivyokulea. Si kweli yote. Kuna mtu hayumo katika habari hiyo, na mtu huyo ni mimi.

Ulikuwa na miaka mitano, Sifa bado mgongoni. Alikuja bwana mmoja kutoka Kinshasa, mwembamba, mwenye miwani, suti yake ya abakosti imepigwa pasi mpaka ungedhani itasimama peke yake akiivua. Kampuni mpya ilitaka kuleta hapa Kindu mashine kubwa ya kukoboa mpunga, na hela za kuileta zitoke kwa watu wenyewe. Kila mtu anunue hisa, wao waliita aksio, kipande cha mashine kiwe chake. Lakini mbele ya kuuza walitaka kwanza kuuliza watu kama watakubali. Kuuliza huko waliita ankete. Bwana yule Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu, na tena mwanamume mgeni hawezi kuingia uani kwa wanawake wa mtaa wetu. Wakatafuta mwanamke anayejua kusoma. Mimi nilifika mwaka wa tano wa shule nikaacha. Wakanichukua.

Walinipa kadi ya kubandika kifuani, na jina langu limepigwa kwa mashine ya kuandika. Amisi, jina langu lilikuwa halijapigwa na mashine hata siku moja. Nilitembea na kadi ile mpaka kisimani. Ukitaka kujua maovu yangu yalianzia wapi, yalianzia pale, si penye hela.

Swali lenyewe nalikumbuka kama Fatiha, likianza na sitwayeni, yaani mwananchi, kama tulivyoitwa wote miaka ile. "Sitwayeni, ikiwa mashine mpya ya mpunga itakuja Kindu kwa maendeleo ya nchi yetu, je, utaleta mpunga wako na kununua hisa?" Litazame. Ni maswali mawili yamevaa shati moja. Mwenye mpunga anaweza kuwa hana hela, mwenye hela hana mpunga, na wote wawili wanadaiwa jibu moja. Na kola ya shati lile ilikuwa maendeleo ya nchi. Miaka ile, nani angefungua kinywa aseme hapana kwa maendeleo ya nchi? Tena sikuwa peke yangu. Kila nyumba niliingia na kiongozi wa Chama wa mtaa. Yeye alibaki kizingitini na orodha yake, ile ile aliyokuwa akiandikia waliokosa kwenda salongo, kazi ya lazima ya mtaa, siku ya Jumamosi.  Alisimama tu, akikuna shingo na kalamu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Mwajuma, jirani yetu yule wa sauti. Unamkumbuka, alikuwa akikupa maganda ya ndizi na kukuambia ni samaki. Nilisoma swali. Akamtazama kiongozi kule mlangoni, akanitazama mimi na kadi yangu, akasema kwa sauti tamu kabisa:

"Inshallah, mama. Inshallah kabisa."

Tukatoka. Hatujafika njiani akaniita, "Wee Mama Amisi! Umesahau kitu!" Nikarudi peke yangu. Akanishika mkono, akaninong'oneza: "Ile karatasi yako inakula nini? Mimi sina chumvi ndani ya nyumba, nitanunua mashine?"

"Bi Mwajuma, si umesema inshallah?"

"Sasa ulitaka niseme nini mbele ya yule mwenye orodha? Mungu akipenda, nitanunua hata treni!"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Wewe umezaliwa hapa, unajua inshallah yetu. Tunaiweka mahali ambapo watu wengine wangesema hapana. Mgeni akikualika mbali, inshallah. Mtu akikuomba binti yako naye hafai, inshallah. Hatumpigi mgeni wetu hapana usoni, ni aibu kwetu. Tunamrudishia Mungu neno, na mgeni mwenye akili anaelewa, anakunywa chai yake anakwenda.

Lakini karatasi haikuelewa. Ilikuwa na pande mbili tu, upande wa Ndiyo na upande wa Hapana. Jioni ya siku ile nikaenda biro, ofisini kwa bwana wa miwani, nikamwuliza:

"Na inshallah naiandika wapi?"

"Ni kusema nini, inshallah?"

"Ni kusema Mungu akipenda."

Akafikiri kidogo, akacheka, mtu mwema, simsemi vibaya. "Basi, mama, Mungu anapenda maendeleo. Weka upande wa Ndiyo."

Nikaweka. Mkono wangu ulisita mara moja, kwa ya Bi Mwajuma, halafu haukusita tena. Nyumba baada ya nyumba walinipa inshallah, na mimi nilichora msalaba mdogo upande wa Ndiyo. Mwisho wa juma nilikuwa nachora mbele mtu hajamaliza kujibu.

Ilibaki kuvuka kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto, na kutoka kule kuingia vijijini. Mvua ilikuwa kubwa na bei ya mtumbwi hawakunipa. Nilisimama kivukoni na karatasi zangu ndani ya nailoni. Akateremka mkulima mmoja na baiskeli, gunia moja la mpunga nyuma, matope mpaka kiunoni. Kwa kupitisha muda nikamwambia habari ya mashine. Hakuniita sitwayeni wala nini. Aliniambia, "Mama, mpunga uko. Njia njo haiko. Gunia hili moja limenila siku tatu. Mashine yenu itakuja kunibebea huko?" Akasukuma baiskeli yake, akaondoka.

Sikumwandika. Hakuwa katika orodha ya nyumba. Katika kazi yote ile, ni mtu mmoja tu aliyenijibu kama mtu, bila kiongozi wala kola, na yeye njo hakuwamo.

Karatasi za Alunguli nilizijazia jikoni. Sombe ikichemka, wewe ukivuta kanga yangu, nilinakili majibu ya mtaa wetu, nikibadilisha hapa na pale ili yasifanane sana. Niliweka hapana mbili tatu, ili ionekane kweli. Bwana wa miwani alisifu mwandiko wangu. Alisema hajaona ankete safi namna ile. Nami nimekuja kufahamu nyuma kwamba usafi ule ulitosha kumshtua mtu anayejua kazi, maana watu wa kweli si safi. Mmoja anakwambia ngoja, mwingine hayuko, mwingine anakufukuza na ufagio.

Tulikuwa tumeuliza wanaokula mpunga. Wanaoulima hatukuwauliza.

Baada ya wiki chache tukaitwa wote uwanjani. Kukawa ngoma, wanawake wamevaa vitambaa vya Chama, na bwana mmoja mkubwa akashika kipaza sauti: "Watu wa Kindu wameulizwa, na watu wa Kindu wamesema ndiyo!" Tukapiga makofi. Bi Mwajuma alipiga makofi kuliko wote. Na mimi, Amisi, mimi niliyezichora zile ndiyo kwa mkono huu unaoandika sasa, nilisikia mwili wote unasisimka. Nikasema moyoni, kumbe watu wanataka kweli! Uwongo wangu ulikuwa umepita katika kipaza sauti ukanirudia kama mgeni wa heshima, sikumjua tena kwamba ni mutoto wangu mwenyewe.

Baba yako hakuwa mpumbavu. Hilo ulishike sana. Alikuwa na baiskeli yake ya kubebea mawese, alijua bei ya kila kijiji, na alikuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Jioni ile ya uwanjani alikaa kwenye kigoda, akanitazama, akasema:

"Mama Amisi, wewe njo uliingia ndani ya manyumba. Mimi siwezi kusadiki mtu wa kipaza sauti. Wewe nakusadiki. Ni kweli watu walikubali?"

Kadi ilikuwa bado kifuani. Moyoni nilimwona Bi Mwajuma akicheka. Nilimwona yule wa baiskeli kivukoni. Nilikuwa na pumzi moja ya kusema, na pumzi ile nilikuwa nayo kweli, sikunyang'anywa na mtu. Nikasema:

"Wote walisema ndiyo."

Akanunua. Kwanza kidogo. Karatasi ya hisa ilikuwa nzuri, nene, na picha ya suke la mpunga. Tuliitundika juu ya kitanda, na wewe hapo njo ulipojifunzia herufi. Neno lako la kwanza kusoma halikuwa Bismillah kama nilivyotaka, lilikuwa "aksio." Baba yako alikubeba juu juu kwa furaha.

Mashine ilikuja, usidhani haikuja. Ilitembea. Mwaka wa kwanza wakagawa faida, ndogo, lakini hela mkononi ni hela. Faida ile njo iliyotumaliza. Kama tungepoteza mara moja tungelia na kunyamaza. Lakini baba yako alisema, "Unaona? Mti umezaa," akauza baiskeli, akanunua hisa nyingine. Nilimwona mnunuzi akiipanda kwenda. Aliuza miguu yake, Amisi, kwa sababu ya ndiyo yangu na faida ya mwaka mmoja.

Halafu ikawa kama alivyosema yule wa kivukoni. Madaraja ya barabara yakaanguka hakuna wa kuyainua. Mazuti, mafuta ya mashine, yakawa ya kungoja treni, na treni ya kungoja Mungu. Mpunga ukaozea vijijini, na hapa mjini wanawake wakarudi kwenye vinu. Hakuna aliyetuibia. Nilikuambia walitudanganya kwa sababu mwizi ni rahisi kumweleza mutoto. Ukweli ni kwamba mashine ilikufa njaa, na sisi tulikuwa na kipande cha mashine, basi na kipande chetu kikafa. Hisa hivyo njo ilivyo. Si amana uliyoweka kwa mtu ukamwambie nirudishie. Umeshika sehemu ya mwili wa kitu, kikinenepa unanenepa nacho, kikizikwa umezikwa nacho. Mwalimu wetu wa msikitini alisema wakati ule kwamba ni halali, ni kushirikiana faida na hasara. Sote tulisikia faida. Kwenye hasara nadhani tulikuwa tumeshaanza kuvaa viatu.

Baba yako alitaka kuziuza. Alizungusha karatasi zile soko zima. Mwuza chumvi mmoja akaishika, akaigeuza, akamwuliza, "Baba Amisi, hii inapikwa na mafuta ao bila mafuta?" Watu wakacheka. Baba yako naye akacheka, kwa adabu. Alipofika nyumbani alilala siku mbili. Siku ile nilijua jambo ambalo hakuna aliyetuambia mwanzoni, kwamba bei iliyoandikwa juu ya hisa si bei. Bei ni mtu aliyesimama mbele yako na hela mkononi. Kama hakuna mtu, hakuna bei.

Alipokwenda Kabambare nilimsindikiza mpaka mwisho wa mji. Nilikuwa nimejitayarisha kumwambia. Usiku wa siku tatu nilikuwa nimeomba Mungu anipe kinywa. Tukasimama. Akaniona nalia akadhani ni kwa safari tu. Akasema, "Usijilaumu, Mama Amisi. Wote walisema ndiyo."

Nikamshika mkono, nikamwacha aende.

Habari ya shimo lililomfunika ilitufikia mwaka wa pili, nawe unaikumbuka, ulikuwa mkubwa. Siku ya matanga Bi Mwajuma alikaa karibu yangu, mkono juu ya goti langu. Ghafla akaniuliza polepole, bila ubaya, kama mtu anayeuliza njia: "Mimi nilisema inshallah. Wewe uliandika nini?"

 Amekufa sijamjibu.

Basi njo hivyo, mwanangu. Sasa unaelewa kwa nini karatasi yako ikisema karibu wote wanaiamini, mimi sioni watu wa mji mzima. Namwona mama mmoja na kadi kifuani. Nataka kujua nani alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, na nani aliyelipa kalamu ile. Kama ni kampuni yenyewe inayouza, basi mwenye kuuliza alitaka jibu moja tu tangu nyumbani kwake. Nataka kujua waliuliza kina nani, wanaokaa kwenye lami karibu na biro, au wanaokata miti na wanaojua kama malori yanatoka msituni. Mbao ni kama mpunga, haziji mjini kwa miguu. Na nataka kujua ilikuwaje kwa yule aliyesema ngoja nifikiri, waliandika wapi fikira zake. Ukifika Kisangani na ukawauliza haya, watakuita mshamba wa Kindu. Uliza. Kama hawana la kukuonyesha ila namba, utakuwa umejua kitu.

Na hata kama majibu yote ni ya kweli, Amisi, hata kama mji mzima unaiamini kwa moyo mweupe, watu kuiamini mashine hakujaza tangi lake mazuti. Sisi tuliiamini.

Sitakudanganya kwamba ninajua mahali pazuri pa kuweka hela ile. Sijui. Ukiitia ndani ya sanduku inayeyuka. Tuliona mara ile walipobadilisha noti, watu wakabaki na magunia ya karatasi ya kuwashia moto. Ukinunua bidhaa, boti litachelewa. Parseli ilikuwa kitu cha kukaa, nayo tumeshaiuza, na mimi nilitia sahihi pamoja nanyi. Nikitazama kila upande naona mlango umefungwa, na si mimi peke yangu ninayeona hivyo, mji mzima unaona, ila hatusemi. Kwa hiyo sikulaumu. Ningekuwa kijana kama wewe, na mkanda umejaa, na karatasi imeandikwa vizuri, ningekwenda mbio. Nadhani utakwenda. Najua utakwenda. Naandika kama mtu anayepiga kelele kwa boti lililokwisha kufungua kamba.

Nimesimama kidogo, nimemtazama Sifa. Anatwanga bado. Nyuma yake, juu ya paa za watu, unaona paa la mashine yetu, kutu tupu, popo wanatoka mlangoni. Jana ulimwuliza mbele yangu kama anakubali fungu lake liende pamoja na lako katika hisa. Unakumbuka alivyokujibu? Alikuwa anafagia, hakuinua kichwa, akakujibu wewe kaka yake: "Inshallah, yaya."

Wewe ukafurahi, ukasema, "Unaona mama, Sifa naye amekubali."

Ukaliweka upande wa Ndiyo, Amisi. Mbele yangu. Kwa mkono uleule.

Nimeteseka siku nyingi kwa dhambi yangu nikiomba isinifuate nyumbani, na jana nimeiona imekaa katika kigoda cha baba yako, inatabasamu. 

Basi sikuombi urudi. Sikuombi uache hisa, lako ni lako, nawe ni mwanamume. Naomba kitu kimoja tu. Fungu la Sifa lisiingie. Ulitoe ndani ya mkanda siku utakayofika, umpe mjomba wako amnunulie cherehani, hata iliyotumika, uitume na mtu anayepanda mto kuja huku. Cherehani inaweza kuvunjika, ndiyo, inaweza kuibiwa. Lakini kipande chake kitakuwa kizima, na kitakuwa hapa, mbele ya macho yake. Na yeye hajakuambia ndiyo, mwanangu. Mimi njo ninayejua kusoma neno lile, ni kazi niliyofanya, na nilichelewa kulisoma mtu mmoja akafa.

Mungu ni shahidi, silidharau neno la inshallah. Bila Yeye hakuna kitakachokuwa, na Kitabu kinatufundisha tusiseme kesho nitafanya bila kumtaja. Sisi njo tuliolichukua jina Lake tukalifanya pazia la kujificha nyuma yake. Kwa hiyo ukinijibu, lisemee moyoni, Atalisikia. Kwenye karatasi uniachie nafasi yangu mimi mama yako. Mwenye boti utakalosafiri nalo anarudi huku baada ya wiki mbili, mpe barua mkononi, nami nitakuwa kivukoni kila jioni tangu siku ya kumi. Nijibu upesi, hata mstari mmoja. Nimekuuliza jambo moja, kama utalitoa fungu la Sifa. Niandikie ndiyo, au niandikie hapana, nitavumilia yote mawili.

Lakini usiniandikie inshallah.

Mimi mama yako,
Mama Amisi